Bahari Isiyo na Chombo

Kila mgeni anayenifikia Berlin kutoka nyumbani nampeleka Alte Nationalgalerie, kwenye kile kisiwa cha makumbusho katikati ya mji, na kumsimamisha mbele ya picha moja. Ni picha ya rangi za mafuta, kimo chake sentimita 110 na upana wake 171 na nusu. Caspar David Friedrich aliichora kati ya mwaka 1808 na 1810. Wajerumani huiita Der Mönch am Meer, yaani Mtawa kando ya Bahari. Huwa sisemi neno, namwacha mgeni atazame. Kabla dakika haijakwisha nasikia mojawapo ya kauli ambazo sasa nazifahamu kwa moyo. Nimeamua kuzijibu kwa maandishi, kwa sababu picha hii inastahili jibu refu kuliko lile linaloweza kunong'onwa ndani ya chumba cha makumbusho.

Kwanza nieleze kilichomo, kwa ajili ya asiyewahi kuiona. Chini kabisa pana mchanga mweupe uliofifia, wenye nyasi chache, unaopanda polepole mpaka penye ncha butu upande wa kushoto wa katikati, kisha unateremka tena. Karibu na ncha hiyo amesimama mtu mmoja, kichwa wazi, amevaa joho refu jeusi, ametupa kisogo, na mkono wake mmoja ameuinua hadi kidevuni. Mbele yake ni bahari, nayo ni ukanda mwembamba wa weusi wenye vipande vya povu jeupe. Shakwe wachache wanaruka juu yake. Baada ya hapo ni mbingu tu. Zaidi ya robo tatu ya turubai ni mbingu: buluu nzito ya mawingu chini, kijivu juu yake, halafu mwanga unaofunguka taratibu kuelekea ukingo wa juu. Hakuna kingine.

Ndipo linapokuja neno lenyewe: "Hamna kitu humu. Mtu amepaka rangi kisha akaenda zake."

Hili ndilo ninalotaka kulijibu kwa urefu, maana mengine yote yamezaliwa humo. Ili uone kazi iliyofanyika, jua kwanza picha ya mandhari ilivyotakiwa kuwa wakati ule. Wachoraji wa Ulaya walikuwa na desturi waliyoirithi hasa kutoka kwa Claude Lorrain, Mfaransa aliyefanya kazi zake Roma katika karne ya 17. Mti mkubwa au gofu la jengo husimama upande mmoja kama mhimili wa mlango. Sehemu ya mbele huwa na kivuli, na ndani ya kivuli hicho kuna watu wadogo, labda na ng'ombe wanaokunywa maji. Mto au njia hupinda kutoka mbele kwenda kati, na kutoka kati kwenda mbali, na huko mbali kuna milima iliyofifia kwa ukungu wa buluu. Picha ya namna hiyo ina baraza. Ukifika unapewa pa kukaa, unazungumzishwa, halafu ndipo unakaribishwa ndani, chumba baada ya chumba, mpaka uani.

Picha ya Friedrich haina baraza. Hakuna mti pembeni wala njia inayopinda. Kutoka mchangani unatumbukia majini, na kutoka majini unatumbukia mbinguni. Zile hatua za kati, ambazo mchoraji mwingine angezijaza vilima na mashamba, zimeng'olewa. Mstari wa upeo wa macho unakwenda moja kwa moja kutoka fremu ya kushoto hadi fremu ya kulia, na hakuna kitu kinachoukata.

Je, hakujua kanuni? Alizijua vizuri. Alisoma kwenye chuo cha sanaa cha Copenhagen kuanzia 1794 hadi 1798, na mwaka 1805 alipata zawadi huko Weimar, katika shindano lililosimamiwa na Goethe na wenzake, kwa michoro miwili ya wino wa kahawia. Mtu huyu alikuwa akizipanga picha kwa kanuni zote za shule tangu ujana wake. Akiziacha, ujue ameziacha kwa kukusudia.

Tena upo ushahidi ambao hauhitaji kukisia. Wahifadhi wa picha hutumia miale ya infraredi, ambayo hupenya rangi ya juu na kufichua mistari iliyochorwa chini yake. Chini ya rangi ya bahari hii zimeonekana merikebu, tena zenye milingoti mirefu inayopanda juu ya upeo wa macho. Friedrich alizipanga ziwemo. Baadaye akazifunika.

Hebu tufikirie mlingoti unafanya nini katika picha ya bahari. Kwanza unaunga maji na mbingu, kama mshono unavyounga vipande viwili vya kitambaa, na jicho likipanda kwa mlingoti halihisi kwamba limevuka mpaka. Pili, unapima. Ukiiona merikebu ndogo unajua iko mbali, ukiiona kubwa unajua iko karibu, na kwa hiyo unajua bahari ina ukubwa gani. Tatu, merikebu huleta kisa. Mara tu chombo kinapokuwapo, yule aliyesimama ufukweni anakuwa mtu anayengoja, au mtu aliyeachwa, au mtu anayeaga. Mtazamaji anapata pa kuanzia hadithi na anapumua.

Friedrich aliziondoa zote tatu kwa pigo moja: mshono, kipimo na kisa. Kilichobaki ni mstari mmoja usiokatwa, umbali usiopimika, na mtu asiye na sababu ya kuwa pale isipokuwa kuwa pale. Huwezi kuniambia kwamba huko si kupanga picha. Kuongeza mti mahali palipo wazi ni jambo analoliweza hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kuutazama mlingoti uliouchora mwenyewe, ukiwa mzuri, ukiwa mahali pake, na kuamua kwamba usiwepo, hiyo ni kazi ya mtu anayejua anachotafuta. Naye hakufanya haraka, kwani alikuwa na turubai hili kwa takriban miaka miwili.

Neno la pili nililisikia kwa binamu yangu, ambaye ni mpigapicha za harusi na ana jicho zuri: "Huyu alisimama ufukweni akachora alichokiona. Siku ile bahari ilikuwa tupu, basi."

Friedrich alizaliwa Greifswald mwaka 1774, karibu na Bahari ya Baltiki, wakati sehemu hiyo ilikuwa chini ya ufalme wa Sweden, na alirudi mara kadhaa kisiwani Rügen kuchora miamba na fukwe kwa penseli. Kwa hiyo ufukwe aliujua. Lakini picha hii ilichorwa Dresden, mji ulio kandokando ya mto Elbe, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenye maji yale. Rafiki yake Georg Friedrich Kersting alimchora akiwa ndani ya chumba chake cha kazi, na moja ya picha hizo iko katika jumba hilihili la Berlin. Nawashauri wageni waitazame kwanza. Chumba ni kitupu kabisa: kiegemeo cha turubai, kiti, vibao vya rangi vimetundikwa ukutani, na pamoja navyo rula na vipande vya mbao vya kupigia mistari na pembe. Sehemu ya chini ya dirisha imezibwa. Mwanga unaingia kwa juu tu, na kutoka hapo huoni mto wala watu wanaopita, unaona mbingu. Huko ndiko bahari hii ilikotengenezwa.

Na sisi tuliokulia pwani tunajua jambo ambalo binamu yangu, aliyekulia Morogoro, hakuliwazia. Ufukwe mtupu haupo. Maji yakitoka yanaacha mwani, vipande vya mbao, matundu ya kaa, kamba iliyokatika, nyayo za aliyetangulia kwenda kutazama mitego. Mchanga wa Friedrich hauna hata kimoja cha hivyo. Aliyewahi kutembea ufukweni asubuhi atatambua papo hapo kwamba umefagiliwa na mtu.

Wengine wanamhurumia yule mtawa. "Mdogo mno, hata hana kazi. Ungemtoa picha ingebaki vilevile."

Fumba jicho moja, linyooshe dole gumba lako usawa wa macho, umzibe. Nimewafanyisha wageni wengi jaribio hili, nao wote hunyamaza. Akizibwa, picha inageuka kuwa tabaka tatu za rangi. Ule ukanda mweusi unaweza kuwa bahari au shamba lililolimwa. Yale mapovu yanaweza kuwa na ukubwa wa mkono au wa nyumba. Ondoa dole, mtu akirudi, mara moja mchanga unakuwa mchanga, mawimbi yanapata kimo chake, na mbingu zinapanda mpaka unahisi kizunguzungu. Yeye ndiye kipimo pekee kilichobakishwa baada ya merikebu kuondoka. Ndiye pia mstari wa wima ulio peke yake katika picha ambayo kila kitu kingine kimelala.

Mahali alipowekwa napo patazame. Hayuko katikati, kwa sababu angekuwa katikati angetawala, kama mfalme kwenye sarafu. Amesogezwa kushoto, na upande wa kulia kwake umebaki uwazi mrefu usio na kitu cha kuulinganisha naye. Mchanga unainuka kumwelekea, ndiyo maana jicho linamfikia hata kama ni mdogo. Halafu joho jeusi limewekwa juu ya bahari nyeusi. Mchoraji aliyetaka aonekane vizuri angemvika nyeupe au angemsimamisha mbele ya mwanga. Huyu anakaribia kumezwa, na kinachong'aa kidogo ni kichwa chake kilicho wazi.

Kwamba ametupa kisogo nalo limeleta manung'uniko. Lakini uso una nguvu ya kunasa: tukiuona tunausoma, tunatafuta kama amefurahi au amelia, na tunasahau anachokitazama. Kisogo hakisomeki. Kinatugeuza tuangalie alikoangalia. Mwandishi Heinrich von Kleist aliliona hilo mapema kuliko watu wote. Tarehe 13 Oktoba 1810, picha ikiwa katika maonyesho ya chuo cha sanaa cha Berlin, alitoa makala fupi katika gazeti lake, Berliner Abendblätter. Makala ilianza kama maandishi ya Clemens Brentano na Achim von Arnim. Kleist aliyakata na kuyageuza mpaka Brentano akakasirika, ikabidi Kleist aeleze gazetini nani aliandika nini. Ndani yake anasema kwamba alichotegemea kukikuta ndani ya picha alikikuta kati yake na picha, mpaka yeye mwenyewe akawa ndiye mtawa, na picha ikawa ule mchanga. Watu humnukuu Kleist kana kwamba alikuwa akilalamika kuwa picha haina kitu. Mimi naona alieleza, kwa usahihi kuliko mhakiki yeyote aliyemfuata, jinsi picha isiyo na baraza inavyomfanya mgeni aingie.

Tuje kwenye neno la wasomi, ambalo ni la zamani kuliko yote: "Amevunja kanuni, kwa hiyo si mpangilio." Hili halikuanza na wageni wangu. Desemba 1808 Friedrich alionyesha chumbani kwake picha ya msalaba juu ya kilele cha mlima, iliyowekwa katika fremu ya dhahabu kama ya altare. Januari 1809 mhakiki Basilius von Ramdohr aliishambulia gazetini. Alilalamika kwamba mlima umekuja mbele kama ukuta, kwamba hakuna sehemu za mbele, kati na mbali zinazofuatana, kwamba hewa haikufifisha vitu inavyopaswa, na kwamba mandhari haina haki ya kupanda altareni. Marafiki wa mchoraji, akiwamo Gerhard von Kügelgen, walimtetea kwa maandishi, na mabishano yakaenea.

Ramdohr hakuwa mjinga. Aliyoyasema kuhusu picha ile ni kweli tupu, hatua hizo hazimo. Kosa lake ni kudhani kwamba mpangilio maana yake ni hatua hizo. Mpangilio ni uamuzi kuhusu jicho litakwenda wapi na litapata nini likifika. Claude aliamua jicho litembee. Friedrich aliamua lisimame. Wakati Ramdohr akitaka hatua zaidi, yeye alikuwa tayari na turubai jingine mkononi, na katika hilo alipunguza hata kile kidogo alichobakiza kwenye mlima.

Anayeshuku bado kwamba alikuwa na uwezo wa kufanya vingine, ageuze shingo tu. Katika chumba hichohicho ipo picha nyingine ya vipimo karibu sawa kabisa, Abasia katika Msitu wa Mialoni, iliyochorwa kuandamana na hii. Katikati yake umesimama ukuta wa gofu la kanisa, wenye dirisha refu lililochongoka. Alilitoa kwenye magofu ya Eldena, karibu na alikozaliwa. Kushoto na kulia imejipanga mialoni isiyo na jani, matawi yamepindana kama vidole, na chini yake, gizani, watawa wanabeba jeneza. Kila kitu humo kimesimama wima, tena kwa ulinganifu mkali wa pande mbili. Katika maonyesho ya 1810 picha hizi zilitundikwa moja juu ya nyingine, mtawa juu na abasia chini. Mtu yule yule, turubai la ukubwa ule ule, miaka ile ile, na mpangilio ulio kinyume kabisa. Mfalme Friedrich Wilhelm III alizinunua zote mbili, kwa kusihiwa na mwanawe, ambaye Oktoba ya mwaka ule ndiyo alitimiza miaka 15.

Lipo neno linalosemwa kwa upole, nalo hunisumbua zaidi kwa sababu linasemwa kwa huruma: "Maskini, alikuwa na huzuni. Ndugu yake alikufa maji."

Ni kweli. Mwaka 1787 mdogo wake Johann Christoffer alizama mbele ya macho yake, Friedrich akiwa na miaka 13. Mama yake alikuwa amekwisha kufa tangu 1781. Wakati picha yenyewe ikiwa bado kazini, dada yake Dorothea alifariki Desemba 1808, na baba yao Novemba 1809. Sitaki kuyapuuza mambo haya. Mtu akifiwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, bahari anayoichora haiwezi kuwa ya mchezo.

Lakini msiba hauelezi kwa nini mtawa yuko kushoto na si kulia. Hauelezi kwa nini upeo wa macho umeshushwa chini hivyo, wala kwa nini merikebu zilizokuwapo zikatoka. Wafiwa ni wengi. Walioichora bahari hivi ni mmoja. Tukisema "huzuni" tukaishia hapo, tunamnyang'anya kazi yake na kumwachia machozi. Isitoshe, tutazame rangi. Kwa miaka mingi picha ilikuwa imefunikwa na vanishi iliyogeuka njano, ikaonekana nzito na ya kahawia kuliko alivyoiacha. Ilisafishwa, ikarudishwa mbele ya watu mwaka 2016. Sehemu ya juu ya mbingu ikaonyesha buluu iliyo wazi na mwanga ambao wengi hawakuutegemea. Aliyekariri kwamba hii ni picha ya giza alikuwa akikariri vanishi.

Kuhusu jina la mkondo wa sanaa ambao Friedrich huwekwa ndani yake nina la kusema kidogo. Darasani tulifundishwa kuuita mkondo huu Ulimbwende. Katika fasihi neno limezoeleka na sina ugomvi nalo. Ila mtaani mlimbwende ni msichana wa kushindania taji la urembo, au kijana anayejipamba kupita kiasi, kwa hiyo mtu akiambiwa "mandhari ya Kilimbwende" hutegemea machweo mekundu, maporomoko ya maji na wapendanao chini ya mti. Akikutana na mtawa huyu anadhani amedanganywa. Hakudanganywa. Waliofanya kazi ndani ya mkondo huo walijali kile kinachompata mtu anapokabili kitu kinachomzidi, kiwe mlima, dhoruba, usiku au Mungu. Urembo ulikuja ukikubalika na ulifukuzwa ukisumbua. Hapa ulifukuzwa.

Vijana waliosoma sanaa huja na neno la mwisho, nao huja nalo kwa fahari: "Huyu alikuwa mchoraji wa dhahania kabla ya wakati. Ni Rothko wa 1810." Wazo hili lina mzazi anayejulikana. Mwaka 1961 mwanahistoria wa sanaa Robert Rosenblum, Mmarekani, aliandika insha iliyoiweka picha hii pamoja na ya mchoraji wa dhahania Mark Rothko, na ulinganisho huo ulifumbua macho ya wengi, yangu yakiwamo. Tabaka za rangi zilizolala, ukubwa unaomfunika mtazamaji, ukimya: yote yanafanana.

Pamoja na hayo, kusema Friedrich alikuwa njiani kuelekea kwingine ni kumfanya mtu wa kupita katika picha yake mwenyewe. Karibia uone. Mapovu yamepigwa moja moja kwa ncha ya brashi, kila moja na mgongo wake wa wimbi. Shakwe wana mabawa, na ukitulia utaona huyu amepinda kufuata upepo na yule amenyoosha. Majani ya nyasi mchangani yanahesabika. Mchoraji wa dhahania hana haja na shakwe. Friedrich anawahitaji kabisa, kwa sababu uwazi wake ni uwazi wa mahali: hapa pana baridi, pana upepo, na mtu akipiga hatua kumi mbele atalowa. Akiondoa mahali, yule mtawa hana pa kuwa mdogo.

Mgeni wa mwisho niliyempeleka ni mjomba wangu, kaka yake mama, nahodha mstaafu wa Tanga aliyeendesha majahazi kwenda Pemba na Mombasa kabla macho hayajaanza kumsumbua. Alisimama, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili tumboni. Alitazama muda mrefu kuliko mgeni yeyote. Kisha akauliza, bila kunigeukia:

"Mwanangu, chombo kiko wapi?"

Nikamwambia si yeye wa kwanza kuuliza. Mwaka 1809 mke wa yule Kügelgen aliyemtetea Friedrich alifika chumbani kwake Dresden, akaiona picha hii ikiwa haijakwisha, na barua aliyoandika baadaye ilinung'unika vilevile: hakuna mashua, hakuna merikebu, hata dude la baharini hakuna. Nikamweleza mjomba kuhusu miale inayopenya rangi, na milingoti iliyolala chini ya bahari ile. Alisogea mbele kutazama, mlinzi akainua mkono, akarudi nyuma hatua mbili kwa adabu.

"Kwa hiyo aliviweka, halafu akaviondoa."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi huyu hangoji mtu." Alimwonyesha mtawa kwa kidevu. Akanyamaza tena. "Anayengoja chombo husimama akitazama mahali pamoja. Huyu hana pa kutazama."

Tulipokuwa tunaondoka alisita mbele ya ile abasia. Aliitazama mialoni ikisimama kushoto na kulia kwa gofu, mirefu, mikavu, haina jani hata moja, akaihesabu kimoyomoyo huku kidole chake kikitikisika. Halafu akaigeukia tena bahari, akairudia mialoni.

"Kumbe milingoti aliihamishia huku," akasema, akavaa kofia yake.